Ngoma, Kura na Kiti: Kumsoma Susan Geiger tukiwa Kipili

Susan Geiger alipochapisha TANU Women mwaka 1997, aliwapinga wale waliozoea kuusimulia uhuru wa Tanganyika kama kazi ya wasomi wa kiume. Kwa masimulizi ya wanawake wenyewe, wa Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza, alionyesha kwamba Bibi Titi Mohamed na wenzake, ambao wengi walikuwa na elimu ndogo ya shule, hawakufundishwa utaifa na TANU. Waliuingiza katika TANU kutoka vikundi vyao vya ngoma, ambamo watu wa makabila mbalimbali walikwisha kuzoea kuwa wamoja. Hoja hii ni ya nguvu, wala hatuna sababu ya kuipunguza.

Hata hivyo kitabu kinaishia 1965, mwaka ambao Bibi Titi alishindwa ubunge huko Rufiji, na hapo ndipo swali letu linapoanzia. Aliyekijazia chama viwanja alibaki na nini mkononi chama kilipokwisha kushika dola? Jibu la baadaye lilikuwa viti maalum, vilivyopandishwa hadi asilimia 30 kwa uchaguzi wa 2005. Vimeongeza idadi, na hilo si dogo. Lakini mwenye kiti hicho huingia kwa orodha ya chama, naye hana jimbo la kumwita na kumhoji. BAWATA, iliyowahimiza wanawake mwaka 1995 wawapime wagombea, ilifutwa 1997. Mahakama Kuu ilipoipa haki ilikuwa 2009, kazi ikiwa imekwisha kupoa.

Kwetu mwambaoni mfano u karibu. Aida Khenani, mbunge wa viti maalum wa CHADEMA tangu 2015, aligombea Nkasi Kaskazini mwaka 2020 akashinda, mgombea pekee wa chama chake aliyepata jimbo nchi nzima. Msomaji wa Geiger hataridhika kuambiwa habari za chama tu. Atataka kuwasikiliza wanawake wanaoanika dagaa, vikundi vya kukopeshana, na kwaya.

Naam, kwaya pia. KKKT ilikubali mwaka 1990 wanawake wapewe uchungaji, lakini katika sharika nyingi akina mama bado ndio wachangaji wakubwa na wasemaji wadogo. Wale wa kaburini (Luka 24) nao hawakusadikiwa na mitume. Wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi kando ya ziwa wangeanza kwa kuyaandika masimulizi ya bibi waliokuwa wasichana miaka ya 1950, maana waliobaki ni wachache.