Kwao ni Wapi?

Rafiki yangu mmoja aliniletea tafsiri yake ya ripoti ya wakimbizi wa Kagera niipitie. Kila penye neno "home", yeye kaandika "kwao". Sarufi haina kosa. Nilizungushia duara kila moja, na hadi leo tunabishana.

"Home" ni neno jepesi kwa sababu halidai mwenyewe. Mwingereza akisema "go home" amemaliza. Home ya nani, hasemi. Kiswahili hakikupi mwanya huo. Ukisema kwetu, na wewe umo. Ukisema kwenu, umeshajitoa. Ukisema kwao, unawasema watu ambao hata hawamo kwenye mazungumzo. "Nyumbani" inakaribia, ila ndani yake mna nyumba, na nyumba huchomwa moto.

Mimi ni mzaliwa wa Biharamulo na bibi yangu ni Mhangaza wa Ngara, kwa hiyo neno hili nalijua uzito wake. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, katika muda wa saa 24 hivi. Kambi yao ikawa Benaco. Desemba 1996 Serikali na UNHCR wakawatangazia Wanyarwanda wote kwamba ifikapo tarehe 31 wawe wamerudi "home". Maelfu kwa maelfu wakafungasha virago na kuelekea upande wa pili, ndani zaidi ya Tanzania, mpaka askari walipowageuza kurudi Rusumo. Walikuwamo waliokuwa na damu mikononi, walikuwamo waliokuwa na hofu tu. Neno moja likawabeba wote. Sasa mtu anayeikimbia "home" hiyo, ukimwandikia "kwao" umemjibia swali ambalo yeye hajalijibu.

Rafiki yangu akajitetea: mbona hata Kirundi na Kinyarwanda vina iwacu, iwanyu, iwabo? Ni kweli. Ndiyo maana watu wa kule wanalisikia kali.

Dar es Salaam, "kwenu wapi?" ni maneno ya kuzoeana. Kwetu siyo. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu, bibi aliacha kuongea Kihangaza ndani ya basi, maana kinafanana mno na Kirundi. Hakuna aliyemkataza. Alikaa kimya tu kutoka Ngara hadi Biharamulo, akiulizwa nauli anatoa hela.

Kuna mfasiri mmoja namvulia kofia, sijui ni nani: aliyeipa "Home Affairs" jina la Mambo ya Ndani. Aliuliza neno linafanya kazi gani pale, akaacha nyumba. Wizara hiyo ndiyo inayoshughulikia wakimbizi.

Nilimshauri rafiki yangu ataje mahali: "warudi Rwanda", "warudi Burundi". Nchi haimwahidi mtu kitanda. Amekubali sehemu tatu. Ya nne ni ya mtoto aliyezaliwa kambini Ngara, na hapo sote wawili tumekwama.