Herodotus na Chakula cha Wamisri wa Kale

Herodotus, Myunani aliyefika Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kizima, cha pili katika vitabu vyake tisa, juu ya nchi ile na desturi zake. Watu hukisoma hata leo. Nasi twataka kukipima katika jambo moja tu, yaani chakula na kinywaji.

Asema kwamba Wamisri hunywa pombe ya shayiri kwa kuwa nchi yao haina mizabibu. Neno hili si kweli. Aliyesoma Mwanzo 40 amekwisha kukutana na mnyweshaji wa Farao, aliyeota mzabibu. Tena katika kaburi la Nakht, huko Thebes, zimechorwa picha za watu wakichuma zabibu na kuzikanyaga. Na kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922, lilikuwa na mitungi ya divai iliyoandikwa mwaka, shamba, na jina la msimamizi wake. Mfalme huyo alizikwa miaka zaidi ya 800 kabla ya Herodotus. Na ajabu iliyo kubwa, nyuma kidogo katika kitabu kile kile mwandishi mwenyewe asema kwamba makuhani hupewa divai ya zabibu. Kweli nyingine ililetwa kwa merikebu kutoka Uyunani. Lakini mitungi ile yataja mashamba ya Misri.

Walakini tusimtupe. Aliposema kwamba Wamisri hukanda unga kwa miguu na udongo kwa mikono, msomaji hucheka, akidhani ni porojo za msafiri. Kumbe katika kaburi la Ramesses wa 3 wamechorwa waoka mikate wa mfalme, na wawili wao, fimbo mkononi, wanakanyaga kinyunga!

Tena asimulia kwamba aliona maandiko juu ya piramidi, mkalimani akamwambia kuwa ni hesabu ya figili, vitunguu na vitunguu saumu vya wafanya kazi, talanta 1600 za fedha. Hapa twaona shaka. Aliyesoma ni mkalimani, si yeye. Wachimbaji wa Giza walipata habari iliyo bora: mwaka 1991 walifukua mahali pa kuoka mikate, na katika mji ule wa wafanya kazi wameokota mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi.

Lakini lawama yetu kubwa ni nyingine. Atueleza karamu za matajiri, jinsi sanamu ya maiti iliyochongwa kwa mti ilivyopitishwa mbele ya wanywaji. Kwamba chakula ndicho kilichokuwa mshahara wa mafundi wa makaburi ya wafalme, hilo halitaji. Mafundi wa Deir el-Medina, waliochonga makaburi ya wafalme, walilipwa ngano ya mkate na shayiri ya pombe kila mwezi. Katika mwaka wa 29 wa Ramesses wa 3 nafaka ilichelewa. Wakaacha kazi, wakaenda kuketi penye mahekalu, wakisema kwamba njaa na kiu ndizo zilizowaleta. Mafunjo yenye habari hiyo yamo Turin, katika Italia, nayo yaliandikwa na mwandishi aliyekuwa mtu wa kijiji chao.