Mizani Iliyoinamia Upande wa Leo

Katika mijadala ya mpira wa kikapu, swali la kumlinganisha mchezaji wa sasa na yule aliyestaafu miaka 50 iliyopita haliishi, na kosa linalotajwa zaidi katika kulijibu ni upendeleo wa karibuni, yaani mwelekeo wa akili kukipa uzito mkubwa kitu kilichoonekana jana au juzi kwa sababu tu kinakumbukika kwa urahisi. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1973 kwamba binadamu hukadiria wingi wa jambo, au uwezekano wa jambo kutokea, kwa kuangalia mifano yake inamjia kichwani kwa wepesi kiasi gani. Na mchezaji ambaye vikapu vyake vinazunguka kwenye simu kila asubuhi lazima amjie mtazamaji kabla ya yule aliyecheza enzi za picha zisizo na rangi. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaishia njiani, kwa kuwa yanamlaumu shabiki peke yake na kumwachia mchambuzi mwenye majedwali aende zake, ilhali sehemu kubwa ya upendeleo huo imo ndani ya majedwali yenyewe: katika kilichohesabiwa na kisichohesabiwa, katika kilichorekodiwa na kamera na kisichorekodiwa, na hata katika kanuni zinazotumika leo kusawazisha takwimu za zama mbili.

Upande wa kumbukumbu unaonekana vizuri katika orodha mbili rasmi za ligi ya Marekani, NBA. Ya kwanza, ya wachezaji 50 bora, ilitangazwa mwaka 1996 ligi ilipokuwa ikiadhimisha miaka 50. Ya pili, ya mwaka 2021, iliwabakiza wote 50 na kuongeza 26, hesabu ikafika 76 badala ya 75 kwa sababu kura zililingana. Orodha ya 1996 ilikuwa na Shaquille O'Neal, kijana wa miaka 24 aliyekuwa amecheza misimu minne tu na hana ubingwa hata mmoja, lakini haikuwa na Bob McAdoo, aliyetangazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1975, wala Dominique Wilkins, na wawili hao wakasubiri robo karne kuingizwa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Isipokuwa safari hii kidonda hakikuonekana, kwa maana O'Neal alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 2000, na wapiga kura waliomchagua mapema wakaonekana wenye jicho la mbali. Hapo ndipo uchambuzi unapokuwa mgumu, kwa sababu njia mbovu ikiangukia jibu sahihi, hakuna anayerudi kuikagua njia. Mwaka 2021 mambo yaligeuka kwa namna nyingine: Dwight Howard, mlinzi bora wa ligi mara tatu mfululizo kuanzia 2009 hadi 2011, alikuwa bado anacheza, lakini kama mchezaji wa akiba aliyekwisha kupitia timu nyingi, na akaachwa nje, huku Anthony Davis, aliyetwaa naye ubingwa wa 2020 katika timu moja, akiingia. Upendeleo wa karibuni, kwa hiyo, hauwakandamizi waliostaafu pekee. Humfunika mchezaji hata kwa uzee wake mwenyewe, ujana wake ukasahaulika akiwa bado yumo uwanjani.

Hata hivyo, kumbukumbu inaweza kurekebishwa kwa kusoma, na kilicho kigumu zaidi kurekebisha ni daftari la takwimu. NBA ilianza kuhesabu rasmi mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa hewani katika msimu wa 1973/74, na mipira iliyopotezwa, yaani mara ambazo timu hunyang'anywa au kukosa mpira kabla ya kutupa, katika msimu wa 1977/78. Bill Russell, aliyejenga ubingwa wa Boston Celtics mara 11 katika misimu 13 juu ya uzuiaji wa mitupo, alistaafu mwaka 1969. Wilt Chamberlain aliondoka mwaka 1973, msimu mmoja kabla ya hesabu kuanza. Kwa sababu hiyo kilele cha orodha ya wazuiaji "wa wakati wote" kinashikwa na Hakeem Olajuwon wa Lagos, mwenye mitupo 3,830 aliyoizuia, akifuatwa na Dikembe Mutombo wa Kinshasa mwenye 3,289, na wa tatu ni Kareem Abdul-Jabbar mwenye 3,189, ambaye misimu yake minne ya mwanzo, alipokuwa mwepesi kuliko wakati wowote, haimo katika hesabu hiyo. Sifa za Olajuwon na Mutombo ni halali na hazipungui kwa kusemwa hivi. Kisicho halali ni maneno "wakati wote", ambayo kwa kweli yana maana ya "tangu 1973".

Picha nazo zina historia yake. Chamberlain alifunga pointi 100 tarehe 2 Machi 1962 katika mji wa Hershey, Pennsylvania, Philadelphia Warriors walipowashinda New York Knicks 169 kwa 147, na hakuna mkanda wa video unaojulikana wa mechi hiyo. Kilichobaki ni sauti ya redio ya robo ya mwisho na karatasi ya matokeo. Hata miaka 18 baadaye, Magic Johnson alipofunga pointi 42 katika mechi ya sita ya fainali za 1980, sehemu kubwa ya Marekani iliitazama kwa mkanda uliorushwa usiku baada ya mechi kwisha. Palipo na picha za zamani kuna mtego mwingine, kwa sababu mtazamaji wa leo humwona Bob Cousy akidunda mpira huku kiganja kikiwa juu yake muda wote, akahitimisha kwamba wachezaji wa enzi hizo hawakujua kuuchezea, ilhali waamuzi wa wakati huo waliadhibu kile kiitwacho kubeba mpira, yaani kuupitishia kiganja chini ukatulia mkononi kabla ya kudundwa tena. Mikato mingi inayoshangiliwa leo hutegemea utulivu huo mfupi wa mpira kiganjani. Kinachoonekana kuwa uhaba wa ustadi ni utiifu kwa sheria, na jicho, likiwa limezoea sheria ya sasa, halina namna ya kulitambua hilo bila kuambiwa.

Namna takwimu zinavyosawazishwa, na mahali usawazishaji huo unapopinda, huonekana vyema kwa kuwaweka mezani Oscar Robertson wa Cincinnati Royals katika msimu wa 1961/62 na Russell Westbrook wa Oklahoma City Thunder katika msimu wa 2016/17. Robertson alikuwa wa kwanza kumaliza msimu akiwa na wastani wa tarakimu mbili katika vipengele vitatu: pointi 30.8, ribaundi 12.5, yaani mipira iliyookotwa baada ya mtupo kukosa, na asisti 11.4, yaani pasi za mwisho zinazozaa kikapu. Westbrook, wa pili kufanya hivyo, alikuwa na 31.6, 10.7 na 10.4, akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Robertson hakupewa heshima hiyo mwaka 1962, kwa kuwa kura, ambazo wakati huo zilipigwa na wachezaji wenyewe, zilimwendea Bill Russell. Wala hapakuwa na ajabu, kwa sababu dhana ya kuunganisha tarakimu mbili mara tatu kuwa sifa moja haikuenea hadi miaka ya 1980, hivyo Robertson aliweka rekodi ambayo haikuwa na jina.

Hatua ya kwanza ya usawazishaji ni dakika. Robertson alicheza wastani wa dakika 44.3 kwa mechi, Westbrook 34.6, na desturi ya wachambuzi ni kugeuza takwimu zote ziwe za dakika 36, ambazo ni takriban kazi ya mchezaji wa kikosi cha kwanza. Kwa kipimo hicho Robertson anabakiwa na pointi 25.0, ribaundi 10.1 na asisti 9.2, na Westbrook anapanda hadi 32.9, 11.1 na 10.8. Hatua ya pili ni kasi ya mchezo: mwaka 1961/62 timu ya kawaida ilitupa mitupo 107.7 kwa mechi na kuingiza asilimia 42.6, na mwaka 2016/17 ilitupa 85.4 na kuingiza asilimia 45.7, maana yake ni kwamba katika zama za Robertson kila timu ilikosa mitupo ipatayo 62 kwa mechi, dhidi ya 46 katika zama za Westbrook, na kila mtupo uliokosa ni ribaundi inayosubiri mwenyewe. Pengo linapanuka tena. Wale wanaodhani kwamba kuondoa upendeleo wa karibuni ni kuwapandisha wazee wanapaswa kusimama hapa kwa muda, kwa sababu hatua mbili za mwanzo, zilizofanywa kwa uaminifu, zimempandisha kijana.

Hatua ya tatu ndiyo inayogeuza meza. Wachambuzi hupima ufanisi wa kufunga kwa kugawa pointi zote za mchezaji kwa mara mbili ya jumla ya mitupo yake ya kawaida na sehemu 0.44 ya mitupo yake ya adhabu, ili mtupo wa pointi tatu, wa pointi mbili na wa adhabu vipimwe kwa rula moja. Robertson alifunga pointi 2,432 kwa mitupo 1,810 ya kawaida na 872 ya adhabu. Westbrook alifunga 2,558 kwa mitupo 1,941 na 840 ya adhabu. Ukokotozi ukifanywa, wote wawili wanapata asilimia 55.4, kana kwamba miaka 55 kati yao haikuwapo, na mchambuzi mvivu angefunga kitabu hapo na kutangaza sare. Lakini wastani wa ligi nzima kwa kipimo hichohicho ulikuwa asilimia 47.9 mwaka 1961/62 na asilimia 55.2 mwaka 2016/17, hivyo Robertson aliwazidi wenzake kwa zaidi ya pointi saba za asilimia, ilhali Westbrook alikuwa sawa na mtu wa kawaida wa zama zake. Tarakimu ileile ni kilele katika mwaka mmoja na uwanda katika mwingine. Na kwa kuwa mstari wa pointi tatu ulichorwa katika ligi hiyo msimu wa 1979/80, Robertson alifika hapo bila silaha ambayo Westbrook aliitumia mara 583 msimu huo, ingawa ni lazima isemwe kwamba aliingiza mara 200 tu, na mitupo ya adhabu ndiyo iliyomwokoa.

Hata rula hiyo haikutengenezwa juu ya ardhi tambarare. Kigezo cha 0.44 ni makadirio yanayotokana na jinsi mitupo ya adhabu inavyogawanyika katika mechi za zama za karibuni, ambako mingi hutupwa miwili miwili, michache humfuata mchezaji aliyefunga huku akichezewa rafu, na mingine hutokana na makosa ya nidhamu. Katika ligi ya Robertson ilikuwapo sheria, iliyofutwa mwaka 1981, iliyompa mtupaji nafasi tatu za kuingiza vikapu viwili pale timu pinzani ilipozidisha idadi ya makosa yake, na kigezo kilichozaliwa baada ya sheria hiyo kufa hakina pa kuiweka. Tofauti inayoletwa na jambo hilo huenda ni ndogo, lakini inaonyesha upendeleo wa karibuni ulivyojificha ndani ya kanuni ya hesabu, mahali ambapo hakuna shabiki wa kulaumiwa.

Kulinganisha na wastani wa ligi nako kunataka ligi yenyewe ifahamike. Mwaka 1961/62 ilikuwa na timu tisa, mojawapo, Chicago Packers, ikiwa mpya kabisa na ikishinda mechi 18 kati ya 80, na timu nyingi bado ziliweka kikomo kisichoandikwa cha wachezaji weusi. Leo timu ni 30 na wachezaji hutoka kila bara. Kuwazidi watu wachache waliochujwa kwa haki nusu si sawa na kuwazidi wengi waliochujwa kutoka dunia nzima, ingawa wachache hao walikutana mara kwa mara kiasi kwamba kila mlinzi alimjua Robertson kwa mwendo wake.

Limebaki jambo moja ambalo jedwali linalificha kwa faida ya mzee. Katika msimu wa 2016/17 Westbrook alipoteza mpira mara 438, wastani wa mara 5.4 kwa mechi, na wakosoaji wake hawakuacha kuikumbusha tarakimu hiyo. Robertson, aliyeushika mpira kwa dakika nyingi zaidi katika mchezo wenye kasi zaidi, hana tarakimu ya namna hiyo, kwa sababu hesabu ilianza miaka mitatu baada ya yeye kustaafu, na katika safu ya mipira iliyopotezwa, mbele ya jina lake, kuna nafasi tupu ambayo macho ya wasomaji wengi huisoma kama sifuri.