Picha Zipitazo Mikononi: Nakshi ya Noti na Jamii

Wengi hudhani kuwa sanaa ya picha ni ile itundikwayo ukutani. Lakini hapa Tunduma, mpakani ambapo shilingi yetu hukutana na kwacha ya Zambia, twaona kuwa picha ienezwayo kuliko zote ni ile ya noti. Huingia sokoni, shuleni na katika nyumba za ibada. Aghalabu huhesabiwa tu, haitazamwi.

Asili yake ni ufundi wa kuchonga. Mchongaji huchora mistari myembamba katika bamba la madini kwa chombo chenye ncha kali. Wino hukaa ndani ya mistari, kisha karatasi hukandamizwa juu yake. Ndiyo maana kidole huhisi wino ulioinuka. Mwishoni mwa karne ya 18 ufundi huo ulistawi Ulaya, mikononi mwa wachongaji walioiga Wagiriki na Warumi wa kale. Mwitalia Raphael Morghen alichonga upya Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, na chapa zake ziliwafikia watu wasiopata kuiona Milan. Mmarekani Jacob Perkins akaendeleza mabamba ya chuma, yaliyohimili chapa nyingi kuliko shaba. Kutoka huko noti ilirithi utulivu wa uso na heshima ya majengo.

Je, heshima hiyo tumempa nani? Noti zetu za kwanza, mwaka 1966, zilikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Baadaye ikaja ya Rais Mwinyi, na mwaka 1997 twiga. Wenzetu wa Zambia waliiondoa sura ya Kaunda mwaka 1992, wakaweka tai. Mabadiliko hayo yaeleweka. Linalotusikitisha liko nyuma ya noti. Enzi za Rais Mwinyi, noti ya shilingi 200 ilionyesha wavuvi, ya 500 wachuma karafuu, na ya 1,000 mgodi wa makaa wa Kiwira, katika nyanda zetu za kusini. Noti za mwaka 2011 zimechukua Ikulu, Ukumbi wa Nkrumah, Ngome Kongwe, mgodi wa Geita na jengo la Benki Kuu. Nakshi yake ni safi, lakini mkulima hayumo.

Jengo halilimi wala halivui. Yafaa basi walimu wawape wanafunzi noti waitazame, kisha wachonge katika ubao au raba chapa yao wenyewe: mchuma kahawa wa Mbozi, kwa mfano. Atakayemchonga atakuwa amejifunza kumtazama.