Nuru Isiyotoka Dirishani

Mara nyingi tumesikia watu wa parokia wakisema juu ya sanamu za kale za Ulaya: mbona zina giza namna hii? Je, mambo ya Mungu si nuru? Swali hilo ni la haki. Macho yetu huku Lubumbashi yamezoea njia nyingine. Kuanzia mwaka 1946, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, wachoraji wa karakana ya Pierre Romain-Desfossés, yaani Pilipili, Bela, Mwenze na wenzao, walijaza rangi toka pembe hata pembe. Vivuli havikuwa njia yao.

Basi tuchukue sanamu moja ya giza, tuipime. Ni Wito wa Mtakatifu Matayo, aliouchora Caravaggio miaka ya 1599 na 1600. Ingali katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Zamani zile, ziitwazo za Baroko, wachoraji walitaka kuigusa mioyo ya waamini, kwa kuwa Mtaguso wa Trento ulikuwa umethibitisha mwaka 1563 faida ya sanamu takatifu.

Watu watano wako mezani penye fedha. Vijana wamevaa nguo za fahari za siku za mchoraji mwenyewe. Upande wa kuume wamesimama Bwana wetu na Petro, miguu mitupu. Ukutani pana dirisha kubwa. Sasa tuangalie vema: dirisha lile halitoi nuru hata kidogo! Nuru yaingia upande wa Yesu, juu ya kichwa chake, yapita ukutani, yawafikia wale wenye fedha. Hapo ndipo fumbo la sanamu. Meza ya ushuru haina nuru yake yenyewe. Yaja pamoja na Yeye aitaye.

Wengine hulaumu kwamba Petro amemficha Bwana, hata twaona uso na mkono tu. Sisi twaona kwamba ndiyo nguvu yake. Mkono ule umenyoshwa kwa upole, haumkamati mtu. Tena wawili mezani hawajainua macho, wanaziangalia fedha tu. Nuru imewafikia wao pia! Kumbe kuangaziwa si kuitika. Jambo hilo latutia hofu kuliko giza lote.

Na giza lenyewe lina kazi. Mtu aliyeshuka shimoni Kipushi ajua: juu, mchana, hakuna aijaliye taa, chini ya ardhi taa moja ndogo ni uhai. Ndivyo Caravaggio anavyotufanya tuitafute nuru.

Wala tusidhani mchoraji alikuwa mtakatifu. Mwaka 1606 aliua mtu mjini Roma, akakimbia, akafa mwaka 1610 bila kurudi. Mwenye dhambi alituachia somo hili.

Hatusemi wachoraji wetu waache rangi zao, wakaige vivuli vya Roma. Rangi zao nazo zamsifu Muumba. Lakini atakayeiona sanamu hii, hata chapa yake ndogo kitabuni, asiulize kwanza kwa nini ni nyeusi. Aulize nuru inatoka wapi. Kisha ajitazame mwenyewe penye meza ile: ameinua macho, au angali anahesabu?