"Jihadhari" Haitoshi: Istilahi za Usalama katika Machimbo ya Wazi

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, wafasiri wamekabiliwa na shehena kubwa ya maandishi yaliyotungwa kwa Kiingereza. Miongoni mwayo imo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, pamoja na kanuni za mwaka 2010 zihusuzo usalama migodini. Hatukusudii kuhakiki tafsiri ya mtu fulani. Tunachokichunguza ni mazoea yaliyokwisha kuota mizizi katika matangazo na mafunzo ya usalama, ambayo yakiachwa yaingie katika sheria yataipotosha.

Tuanze na neno hatari. Neno hili hubebeshwa dhana mbili: kitu chenye uwezo wa kudhuru, na kiasi cha uwezekano wa madhara hayo kutokea. Chukua ukuta wa shimo la machimbo ya wazi, kama yale ya Geita au Mwadui. Ukuta hukatwa kwa ngazi ili mwamba ukimeguka usiporomoke moja kwa moja hadi chini. Ufa uliotokea juu ya ngazi ni kitu. Upo, unaonekana, unapimika. Lakini uwezekano wa ufa huo kumdhuru mtu hutegemea mvua, mitikisiko ya baruti, na kama wapo wafanyakazi chini yake. Watu wakiondolewa, ufa unabaki uleule ila tishio limepungua. Msimamizi akiandika "hatari" kwa yote mawili katika fomu moja, asomaye hajui ni lipi lililopungua. Kihatarishi, neno lililoenea siku hizi, lingetufaa sana kwa dhana ya kwanza, lakini nalo limeanza kutumiwa kwa zote mbili. Hapo tumebadilisha kibuyu tu, maji ni yaleyale. Kwa maoni yetu, kihatarishi kibaki kuwa kitu, na hatari iwe kiasi.

Kubwa zaidi ni kiambishi -ji-. Jihadhari, jikinge, jilinde: sarufi ya maneno haya humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja, yaani mfanyakazi. Mwajiri hayumo. Mkataba Na. 176 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1995 na unaohusu migodi ya juu na ya chini ya ardhi, humpa mwajiri wajibu kwa utaratibu maalumu. Kwanza aondoe hatari. Kisha aidhibiti kwenye chanzo chake. Halafu aipunguze, kwa njia ambazo ni pamoja na kupanga kazi kwa usalama. Na kwa hatari itakayosalia, ndipo vitumike vifaa vya kujikingia. Mfasiri anayeyakusanya yote haya chini ya "kujikinga" hakufupisha maneno, ameuhamisha wajibu.

Tutazame vumbi. Barabara za malori zikinyunyiziwa maji, na mashine ya kutoboa mwamba ikifungwa kifaa cha kunasa vumbi, hatari imedhibitiwa kwenye chanzo. Barakoa huja mwisho. Vumbi la silika huacha makovu katika mapafu, na ugonjwa wa silikosisi hauponi. Kwa hiyo kumwambia mtoboaji "jikinge na vumbi" na kuishia hapo ni kumtwisha kazi ya mhandisi. Wala asisingizie mtu kwamba lugha ina upungufu: kuondoa, kudhibiti na kupunguza ni maneno ya kila siku.

Pengo la kweli liko penginepo. Jiwe likidondoka kutoka ngazi ya juu likampita mtu bila kumgusa, tuliite nini tukio hilo? Ajali haifai, maana wengi huielewa kuwa na madhara. "Tukio la hatari" ni pana mno. Tungependekeza tukio la nusura, kwani nusura ndilo neno limtokalo aliyeponea chupuchupu: nusura niangukiwe! Walimu wa vyuo vya madini na wasimamizi wa zamu wanaombwa kulijaribu katika daftari zao kabla halijafikishwa kwenye kikao cha usanifishaji, na ikiwa wachimbaji wanalo jina jingine wanalolitumia, watuletee hilo.