Sinia Halirudi Ndani ya Deli

Tuanze na tukio lile, maana mengine yote ya harusi ile ya Jumamosi ufukweni yanaweza kusubiri. Picha za familia zimekwisha, MC anaita meza ya kwanza, na sinia la tikiti na papai lililotolewa baada ya swala ya alasiri bado lina nusu yake. Mkuu wa chakula analitupia jicho, anamwita kijana, anamnong'oneza. Kijana anabeba sinia, anafungua deli, anamwagia vipande vile juu ya vile ambavyo havijaguswa, anakoroga kwa mkono wenye glovu, anachota upya na kurudisha mezani. Mliokuwa pale ufukweni mliona. Sijui wengine mtauitaje uamuzi ule. Mimi nauita wa hovyo.

Sinia kukaa sana nje ni kosa, lakini ni kosa la kawaida. Februari ya Dar mnaijua: kaskazi linavuma na bado shati limeganda mgongoni. Tunda la kukata linavumilia muda wa saa mbili nje ya baridi, na joto likipita nyuzi 32 muda huo unashuka hadi saa moja. Kwa hesabu hiyo sinia lilikuwa limeshakufa kabla ya adhana ya magharibi. Linapokufa, unalimwaga. Hasara yake ni tikiti moja, labda mawili, kwenye sherehe ambayo wapambaji peke yao walileta gari zima la maua.

Kulirudisha ndani ya deli ndiko kulikoharibu mchezo. Vipande vya moto viliingia kwenye deli ambalo barafu yake ilikuwa imebaki maji ya uvuguvugu, vikapandisha zaidi joto la vile ambavyo havijatoka nje. Bakteria waliokwisha kuzaliana mezani wakahamishiwa kwa majirani wapya. Na baya kuliko yote, saa ikapotea: tangu pale hakuna mtu, hata mkuu mwenyewe, aliyeweza kusema kipande kipi kimekatwa lini na kimekaa juani kiasi gani. Wanaodhani baridi ingelisafisha deli lile wajue kwamba baridi chini ya nyuzi 5 huwapunguzia bakteria kasi tu, haiwaui. Mmoja wao, Listeria, huendelea kukua humo humo kwenye friji.

Mtaniuliza mbona sinung'uniki kuhusu nanasi, nalo lilikaa pale pale. Uchachu. Nanasi lina pH ya chini ya 4, na bakteria wengi wa kuumiza tumbo hawastawi chini ya 4.6. Tikiti na papai wako juu ya 5, watamu, wamejaa maji, wamevuliwa ganda. Ndiyo maana kanuni za chakula za Marekani zinaliweka tikiti lililokatwa kundi moja na nyama iliyopikwa. Na tafadhali, nimechoka kuambiwa "tulikamulia ndimu". Ndimu ile inalowesha uso wa vipande vya juu, basi.

Kuosha kulikwenda vizuri: brashi, maji ya bomba yanayotiririka, kisu na kibao ambavyo kuku hajavigusa. Hilo nawapa wapishi.

Wanaosema tikiti ni tunda tu, halijawahi kumuua mtu, wakumbuke Marekani mwaka 2011. Matikiti ya kantalupu kutoka shamba moja la Colorado yaliingiwa na Listeria kwenye banda la kufungashia. Waliougua ni 147, na 33 wakafa. Yale yalitoka shambani mazima, na ganda lake.

Nikitazama kazi za siku hizi nawakumbuka mashangazi wa walima za Magomeni. Hawakuwa na deli wala kipimajoto. Tikiti lilikaa zima mvunguni mwa kitanda, kwenye sakafu ya baridi, na kisu hakikuligusa mpaka sahani za pilau zianze kukusanywa. Vipande vilitoka kwa sinia dogo dogo. Likiisha linaoshwa, linaletwa jingine. Ukijaribu kumwagia vipya juu ya vya zamani unapigwa kofi la mkono mbele ya wageni. Leo tunakata asubuhi ili mtu apate nafasi ya kuchonga bata maji kwenye ganda, apigwe picha na droni, halafu bata yule anashinda juani na nzi wake. Nimeshaandika kuhusu bata hawa na nitaandika tena.

Halafu kipindupindu kikiingia mjini, wa kwanza kufukuzwa ni mama wa matunda pale stendi, anayekukatia papai umesimama, ukalila hapo hapo. Yeye meza yake inapinduliwa. Mkuu wa chakula wa harusi ya ufukweni hakuna anayemfungulia deli kulitazama.

Jumamosi njia ilikuwa wazi. Kule nyuma ya hema kulikuwa na matikiti mazima matatu, nimeyaona kwa macho yangu, kivulini, na kisu kisafi juu ya kibao. Kumwaga sinia, kunawa, kukata moja: wimbo mmoja wa taarabu ungetosha, na MC yule anapenda kuongea. Badala yake yale matatu yalipakiwa kwenye gari yakiwa mazima, na vya ndani ya deli, nimeambiwa, viligeuzwa juisi Jumapili asubuhi kwa vijana waliokuja kubomoa hema.